Redio ya Nyimbo Zisizokatwa

Wanangu, mwaka 1972 bendi ya Uingereza iitwayo Genesis ilitoa santuri ya Foxtrot, na karibu upande mzima wa pili wa santuri hiyo umechukuliwa na wimbo mmoja. Wimbo wenyewe ni Supper's Ready. Una sehemu saba na unakwenda karibu dakika 23. Unaanza taratibu kwa magitaa na sauti ya mtu mmoja, unaingia vitani, unageuka mchezo wa kuigiza, kisha kinanda kinapaa juu ya mapigo ya tisa tisa mpaka anayehesabu kwa vidole anakata tamaa. Mwaka huohuo Jethro Tull, bendi nyingine ya Waingereza, ikatoa Thick as a Brick: santuri nzima wimbo mmoja, dakika 43 na ushei. Unakatika mara moja tu, kwa kuwa santuri ina pande mbili na lazima mtu ainuke aigeuze.

Sasa niambieni, ni redio gani ingepiga wimbo wa namna hiyo?

Redio ya biashara huishi kwa matangazo. Kila baada ya nyimbo mbili tatu za dakika tatu tatu, mtangazaji anapata mwanya wa kuuza sabuni, soda na magari. Wimbo wa dakika 23 unaziba mwanya huo. Hata mtoto wa Unguja alikutana na kikwazo hiki. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na ulimwengu ukamjua kwa jina la Freddie Mercury, aliandika Bohemian Rhapsody, uliotoka mwaka 1975. Una dakika 5 na sekunde 55. Wakubwa wa biashara ya muziki walisema ni mrefu mno kwa redio. Aliyeuokoa ni mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London, ambaye aliupiga tena na tena mwisho wa wiki mmoja mpaka watu wakaanza kuuulizia madukani. Ikiwa dakika karibu sita zilihitaji mtu jasiri, sembuse 23?

Muziki ninaowasimulia ni roki ya progresivu, ambayo wapenzi wake huiita progu kwa kifupi. Uliota Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa magitaa ya umeme walipoamua kwamba roki nayo inaweza kubeba mambo mazito: visa virefu, midundo isiyo ya kawaida, mbinu za jazi na za muziki wa okestra. Wengi huhesabu safari yake tangu Oktoba 1969, bendi ya King Crimson ilipotoa In the Court of the Crimson King. Humo mtasikia ala moja ya ajabu, Mellotron. Ni kinanda ambacho kila kibao chake kinavuta utepe wenye sauti iliyorekodiwa ya fidla, filimbi au kwaya. Utepe una urefu wa sekunde kama nane hivi. Ukikandamiza kibao zaidi ya hapo, sauti inakwisha na lazima uachie ujirudishe. Mpiga kinanda analazimika kutunga huku akijua kwamba kwaya yake ina pumzi ya sekunde nane. Mimi nikisikia Mellotron ikiingia chini ya gitaa, nasimamisha kila ninachofanya.

Kuna wakati redio iliukaribisha muziki huu. Mwaka 1967 huko San Francisco, mtangazaji Tom Donahue alichukua masafa ya FM, ambayo wakati huo wenye fedha waliyadharau, akaanza kupiga nyimbo ndefu katika kituo cha KMPX kwa kufuata moyo wake. Wengine wakamwiga. Santuri za bendi kama Yes na Pink Floyd zilipotoka, zilikuta watangazaji wenye ruhusa ya kuzipiga. Lakini FM ilipoanza kuleta faida, wakaja wataalamu wa hesabu za wasikilizaji wakiwa na orodha fupi za nyimbo zilizokwisha kupimwa, na kufikia miaka ya 1980 mtangazaji wa kawaida hakuwa tena na mamlaka ya kuchagua hata wimbo mmoja.

Progu haikufa. Ilijificha. Italia ilikuwa na Premiata Forneria Marconi, Sweden ikapata Änglagård mwanzoni mwa miaka ya 1990, Marekani ikawa na Dream Theater na Spock's Beard. Wasikilizaji nao walikuwepo, ila walitawanyika: wanne mji huu, mmoja mji ule, wengine kumi nchi ya ng'ambo. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi yangu. Mnara wa FM unafika kilomita kadhaa kuuzunguka, basi. Ndani ya duara hilo lazima wapatikane wasikilizaji wa kutosha kulipia umeme na mishahara, na hakuna mji hata mmoja uliokuwa na wapenzi wa progu wa kutosha. Ukiwakusanya wa dunia nzima, walikuwa maelfu kwa maelfu. Mwaka 1997 Marillion, bendi ya Uingereza, haikuwa na fedha za kwenda kupiga Marekani. Mashabiki wa huko wakachangishana kupitia intaneti, wakafikisha kama dola 60,000, na bendi ikaenda. Kwa hiyo ilikwisha kujulikana kwamba watu hawa wanaweza kukutana. Kilichokosekana ni redio yao.

Intaneti yenyewe ilikuwa bado inajifunza kubeba sauti. Tarehe 7 Novemba 1994, WXYC, redio ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Chapel Hill, North Carolina, ilianza kurusha matangazo yake kwenye intaneti, miongoni mwa vituo vya kwanza kabisa duniani. Mwaka 1995 ikaja programu ya RealAudio kutoka Seattle, na mtu wa kawaida mwenye laini ya simu akaweza kusikiliza sauti huku ikiendelea kuingia, bila kungoja faili zima lishuke. Ujerumani nako, watafiti wa taasisi ya Fraunhofer pale Erlangen walikuwa wamekamilisha MP3, njia ya kuusinyaza muziki kwa kuacha zile sauti ambazo sikio la binadamu halizikamati vizuri. Dakika moja ya muziki kwenye CD inakula megabaiti kama 10. Kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, dakika hiyo inashuka mpaka megabaiti 1 hivi.

Kisha akatokea kijana Justin Frankel. Mwaka 1997 alitoa Winamp, programu ya kuchezea MP3 kwenye kompyuta, akiwa bado hajafika miaka 20. Kampuni yake ndogo, Nullsoft, ilikuwa Sedona, Arizona, na karibu na mwanzo wa mwaka 1999 ikatoa SHOUTcast, programu ya kurusha redio kwenye intaneti. Wakati uleule hivi Jack Moffitt na wenzake wakaanzisha Icecast, programu huria ya kazi hiyohiyo. Kabla ya hapo, kuwa na redio kulitaka mnara, leseni ya masafa na mtaji. Baada ya hapo kulitaka kompyuta, intaneti na muziki. Ndani ya miaka michache, vituo vya progu kama Aural Moon na Delicious Agony vikawa hewani, vikiendeshwa kwa mapenzi kuliko kwa faida.

Kituo cha namna hiyo kilianzaje hasa? Tumfuate mtu mmoja wa Marekani wa mwaka 1999. Ni mfano wa wengi, kwa hiyo simpi jina: ana mshahara wa kawaida, kompyuta moja na kabati lililojaa CD.

Kazi ya kwanza ni kuhamisha muziki. CD moja baada ya nyingine inaingia kwenye kompyuta, na kila wimbo unaandikwa jina lake, la bendi, la albamu na mwaka. Siku moja ina dakika 1,440, yaani kama gigabaiti 1.4 za MP3 usipotaka kurudia wimbo. Diski ya gigabaiti 10, ambayo wakati ule ilikuwa diski ya maana, inashika muziki wa wiki moja. Wiki moja inatosha kuanza.

Hapo anakutana na taabu ambayo mwenye redio ya nyimbo fupi hajawahi kuiwaza. Albamu nyingi za progu hazina kimya kati ya wimbo na wimbo. Sikilizeni The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ya mwaka 1973: wimbo mmoja unamiminikia ndani ya mwingine. Ukizigeuza kuwa MP3, kila faili linaongezewa kimya kidogo sana mwanzoni na mwishoni, sehemu ya sekunde tu. Mtu anayepita njiani hatagundua. Mpenzi wa progu atashtuka kwa sababu anaijua albamu hiyo kwa moyo na anajua kwamba pale hapana kimya. Dawa yake ni kuihamisha albamu nzima kama faili moja refu, na huyu bwana yuko tayari kukesha akifanya hivyo.

Kazi ya pili ni kurusha. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa maana ndipo redio ya intaneti inapotofautiana kabisa na ile ya bibi yenu jikoni. Mnara ukishawashwa, wimbi moja linawatosha wote. Akiongezeka msikilizaji wa elfu moja, mwenye kituo halipi hata senti zaidi. Kwenye intaneti kila msikilizaji anatumiwa nakala yake mwenyewe. Wasikilizaji watano ni mikondo mitano. Mia moja ni mikondo mia moja. Wakati ule watu wengi walisikiliza kwa modemu ya kilobiti 56, ambayo mara nyingi haikufika hata kasi hiyo, kwa hiyo vituo vilirusha mkondo mwembamba wa kilobiti 24 hivi. Chukulieni kwamba laini ya nyumbani kwake inaweza kupeleka nje kilobiti 128. Gawanyeni kwa 24. Wasikilizaji watano, na laini imejaa. Wa sita anagonga mlango haufunguliwi.

Ndiyo maana SHOUTcast iligawa kazi mahali pawili. Kompyuta ya nyumbani inapeleka mkondo mmoja tu kwenye seva iliyo mahali penye intaneti nene, na seva ndiyo inayonakili na kuwagawia watu. Seva hiyo hukodiwa kwa mwezi, na bili yake hupanda kadiri wasikilizaji wanavyoongezeka. Fikirini uzito wake: kwa mwenye kituo kama huyu, kupendwa ni gharama. Wengine walikwenda Live365, kampuni iliyoanza mwaka 1999 ikiwapa watu nafasi ya kurusha vituo vyao kwenye seva zake.

Upande wa msikilizaji, programu haipigi muziki mara tu unapoingia. Inakusanya kwanza sekunde kadhaa, kama mtu anayejaza mtungi kabla ya kuanza kuchota. Njia ikiziba kidogo, unaendelea kusikia kilichomo mtungini. Ikiziba sana, mtungi unakauka na wimbo unanyamaza. Kwa wimbo wa dakika tatu hilo ni kero. Kwa wimbo wa dakika 23 uliokatika dakika ya 21, pale ambapo kila kitu kilichotangulia kilikuwa kinakuelekeza, ni huzuni kweli.

Ubora nao haukuwa wa kujivunia. Kwa kilobiti 24 matoazi yanakuwa majimaji na Mellotron inapoteza pumzi. Hata hivyo watu walisikiliza. Mtu aliyedhani mtaani kwake ni yeye peke yake anayeijua Änglagård aliwasha kompyuta akaikuta inapigwa, na kwenye ukurasa wa kituo akaona idadi ya wanaosikiliza wakati uleule. Hata ikiwa ni watu 14, ni watu 14 zaidi kuliko alivyozoea. Saa ya mmoja ilikuwa mbili usiku New York, ya mwingine saba usiku London, ya mwingine nne asubuhi Tokyo. Mchana na usiku havikuwa na maana tena katika kupanga vipindi, na mtu mmoja hawezi kukaa macho kwa ajili ya saa za dunia nzima. Kwa hiyo programu ilichagua nyimbo yenyewe kwa saa nyingi, na watangazaji wa kujitolea wakashika vipindi vya moja kwa moja kila mmoja akiwa nyumbani kwake.

Mtaniuliza: je, waliruhusiwa kupiga nyimbo za watu? Swali zuri, na jibu lake karibu lizime vituo vyote.

Oktoba 1998 Marekani ilipitisha sheria mpya ya hakimiliki ya enzi ya kidijitali. Sheria iliruhusu redio za intaneti kupiga muziki uliorekodiwa bila kumwomba kila mwenye kazi, ila kwa masharti na kwa malipo. Sharti moja lilisema: ndani ya saa tatu usipige nyimbo zaidi ya tatu kutoka albamu moja, wala zaidi ya mbili mfululizo. Nia ilikuwa kumzuia mtu asirekodi albamu nzima bure. Lakini angalieni linavyowaangukia wapenzi wa progu, ambao kwao albamu ndiyo kazi yenyewe. The Lamb Lies Down on Broadway, hadithi ya Genesis ya mwaka 1974, ina nyimbo 23; huwezi kuisimulia hewani. Close to the Edge ya Yes ina nyimbo tatu tu. Zote zinaruhusiwa, ila si mfululizo: lazima katikati uchomeke wimbo wa mtu mwingine. Na Thick as a Brick? Imegawanywa vipande viwili tu, kimoja kila upande. Ikapita salama, dakika zote 43. Santuri iliyokuwa ndefu mno kwa redio za biashara ikawa miongoni mwa chache ambazo sheria inakuruhusu kuzipiga kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Malipo yalikuja baadaye. Februari 2002 jopo la waamuzi lilipendekeza kila wimbo, kwa kila msikilizaji, ulipiwe senti 0.14 ya dola. Vituo vikapiga kelele, na Mei 1 vituo vingi vya intaneti vikanyamaza siku nzima kupinga. Juni 20 mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, James Billington, akaipunguza ikawa senti 0.07. Inaonekana ndogo. Hesabuni nami. Kituo cha nyimbo fupi chenye wasikilizaji 100 usiku na mchana, nyimbo 15 kwa saa, kinarusha nyimbo 36,000 kwa siku, ukihesabu kila sikio. Hiyo ni dola 25.20 kwa siku, zaidi ya 9,000 kwa mwaka. Deni lenyewe likahesabiwa kurudi nyuma mpaka Oktoba 1998.

Kituo cha progu kilikuwa na ahueni ambayo hakuna aliyeipanga. Ada ilihesabiwa kwa wimbo, si kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 23 ulilipiwa sawasawa na wa dakika tatu. Ukipiga nyimbo nne kwa saa, wasikilizaji walewale 100 wanakugharimu dola 6.72 kwa siku, kama 2,450 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye mshahara wa kawaida, hata hizo ni nyingi. SomaFM, kituo maarufu cha San Francisco kinachotegemea michango ya wasikilizaji, kilizima muziki wake Juni ile, ingawa kilirudi baadaye mwaka huohuo. Vingine havikurudi. Desemba 2002 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya kuwasaidia wadogo, wapate kulipa asilimia ya mapato au matumizi yao.

Nawaambia wazi msimamo wangu: mwanamuziki alistahili kulipwa, tena wanamuziki wa progu, ambao wengi wao hawakutajirika, walistahili zaidi. Kosa lilikuwa kumpimia mtu anayerusha muziki kutoka chumbani kwake kwa kipimo cha kampuni kubwa. Kwa bendi ambayo redio nyingine zote zilikwisha kuisahau, mtu huyo ndiye aliyekuwa akiitafutia wanunuzi wa CD.

Kwetu pwani matangazo haya yalichelewa kusikika vizuri. Miaka hiyo intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na nyembamba, na kusikiliza redio ya mbali kwa saa nzima katika kibanda cha intaneti kulikuwa anasa. Mambo yalianza kubadilika Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi na kuziunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia kwa njia ya chini ya bahari. Hivi leo simu mliyoshika inaweza kupokea mkondo mnene mara kumi ya ule wa 1999 bila kutikisika.

Najua wapo kati yenu wanaowaza kituo chao: cha taarabu asilia pengine, yenye nyimbo zinazopita dakika kumi, au cha dansi la zamani ambalo santuri ndogo zililikata sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili. Icecast bado ipo, na bado ni bure. Lakini Tanzania redio ya mtandaoni inahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kuhusu ruhusa ya kutumia muziki anzieni kuuliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya mtaanzia kwa vyama vya kukusanya mirabaha vilivyopewa leseni na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Nendeni mkawaulize ada zao zinahesabiwaje, kwa wimbo, kwa saa au kwa mwaka, kabla hamjanunua hata maikrofoni.